Tupeane uzoefu: mashine ilipoingia kazini kwako, ni nini kilifuata?

Habari zenu wadau. Nimelelewa kwenye mashamba ya chai Kericho, na mama alichuna majani hadi mgongo ukakataa. Mei 2023 mashine za kuchuna zilipochomwa huku, wengi waliona uhuni tu. Siungi mkono kuchoma, ila hasira ile naijua. Jopo la kaunti lilisema ajira 30,000 zilipotea katika miaka 10, likapendekeza mashine zichune asilimia 60 na mikono 40. Nyumba ndizo hazitajwi. Kazi ikiisha unatoka na kwenye laini, yaani nyumba za wafanyakazi za kampuni, na watoto wanaacha shule ya shamba katikati ya muhula. Aliyeyaona aeleze, wa sekta yoyote, na aseme angetaka serikali ifanye nini.

Mdau, Kericho
Mkono unachagua: majani mawili na chipukizi, unarusha kikapuni mgongoni. Mashine hubebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, inanyoa juu kama kinyozi na mfuko unafuata nyuma. Tuliobaki tulipelekwa kwenye miteremko isikofika, na kwa kuwa tunalipwa kwa kilo, mshahara ukashuka. Msimu uliofuata hatukuitwa. Hakuna aliyeandikiwa barua ya kuachishwa, kwa hivyo hakuna aliyelipwa kiinua mgongo. Hilo ndilo linaloniuma.

Mdau, Nandi
Mimi nilifunzwa kuishika hiyo mashine. Pesa ni afadhali, siwezi kudanganya. Lakini injini inatetemesha mikono, jioni kushika kikombe ni kazi. Kwenye kikosi chetu hakuna mwanamke hata mmoja, na wachunaji wengi walikuwa kina mama. Kama kuna mafunzo ya kulipiwa na serikali, yaanzie kwao.

Mdau, Bomet (nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi)
Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza watu aarifu chama na afisa wa kazi mwezi mmoja kabla, na alipe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Wa kudumu walipata. Wa msimu mkataba wake unaisha kimyakimya, hata akiwa amerudi shamba lile lile miaka na miaka. Bunge lizibe hapo: misimu ijumlishwe.

Mdau, Nakuru
Nilikuwa keshia wa benki. Foleni ilihamia kwenye simu, tukapunguzwa. Nililipwa stahiki zangu zote, nikafungua duka la wakala wa pesa. Sikuwa hodari kuliko wachunaji, nilikuwa na cha kuanzia.

Mdau, Murang'a
Mashine zitozwe ushuru, basi.

Mwanzisha mada
Wa Murang'a, ushuru huo utamfikia pia mkulima mdogo anayenunua mashine ya mkono kwa sababu vijana wa kuchuna hawapatikani. Mimi nakubaliana na wa Bomet, na naongeza: kampuni inayoleta mashine iiache familia kwenye nyumba angalau hadi mwaka wa shule uishe. Mwenye mkataba wa msimu aweke hapa kile kipengele cha kumalizika kwa kazi, afiche majina. Nataka tuone vimeandikwaje kabla hatujamwendea mbunge.