Vikombe vya Kitinda viko hewani

Kikundi: Ukoo Bila Kelele

JUMAMOSI

Kitinda: Shikamooni wakubwa zangu. Duka langu la mtandaoni limefunguliwa leo. Vikombe na mabakuli, yote kazi ya mkono wangu. Kiungo nimekibandika hapo juu.

Shangazi: Marahaba mwanangu, hongera sana! Mungu akufungulie milango.

Mama: 👏👏👏

Kaka Mkubwa: Hongera mdogo wangu. Hicho cha bluu niwekee, nitakipitia kesho.

Kitinda: Asante kaka. Kiungo kiko juu 😅

Kaka Mkubwa: Na mimi nabonyeza kiungo?

Binamu: Wewe hasa.

Mjomba: Nimefungua. Nimeona bei. Nimefunga.

Binamu: 😂😂😂

Mjomba: Sitanii. Mpwa wangu, kwa bei ya kikombe kimoja hapo mtu anapata seti ya sita dukani, na visahani vyake.

Kitinda: Kweli Mjomba, na anayetaka seti ya sita namshauri aende huko huko. Kiwanda sikiwezi.

Kaka Mkubwa: Lakini udongo si bei rahisi?

Kitinda: Udongo ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Kuna kuukanda, kufinyanga, kungoja ukauke kiasi, kuchonga kitako, kubandika mkono, halafu kukausha taratibu kisipasuke. Tanuri mara ya kwanza, karibu nyuzi 1,000. Natia rangi ya kung'aa, kinarudi tanurini, safari hii zaidi ya nyuzi 1,200, na moto huo unalipiwa. Kila nikifungua tanuri kuna vilivyopasuka na vilivyochuruzika rangi. Vilivyopona ndivyo vinavyolipia vilivyokufa.

Mama: Mimi nilidhani ni starehe yako tu.

Kitinda: Ni starehe bado, Mama. Ila tanuri halijui hilo.

Binamu: Na makato je? Etsy, kwa mfano, lile soko la mtandaoni la kazi za mikono, wanachukua senti 20 za dola kwa kila bidhaa unayoiweka, inakaa miezi 4, ikiisha bila kuuzwa unalipa tena. Ikiuzwa wanakata 6.5%, na wanakata mpaka kwenye ile pesa ya kutuma mzigo uliyomtoza mteja. Kabla ya Aprili 2022 ilikuwa 5%. Bado hujalipia huduma ya kupokea pesa yenyewe.

Mjomba: Kumbe mtandao nao una ushuru wa soko.

Kaka Mkubwa: Basi anza na bei ya chini upate wateja, utapandisha baadaye.

Shangazi: Usimsikilize huyo. Wateja utakaowapata kwa bei ya chini watakukimbia siku utakayopandisha, na utakuwa umechoka bure.

Kitinda: Kuna jambo jingine kaka. Siku duka la sanaa likitaka kuweka vikombe vyangu, kwa kawaida linataka 40% hadi 50% ya bei. Nikiwa nauza kwa bei ya kubanabana, nusu hiyo naitoa wapi? Na siwezi kuwa na bei moja mtandaoni na nyingine dukani kwao. Wakiona nawauzia wateja wao kwa bei ya chini, wananirudishia vyombo vyangu.

Kaka Mkubwa: Hapo sikupafikiria. Haya.

Binamu: Wazo! Vichore Mickey Mouse. Vitaondoka kama upepo.

Kitinda: Na duka litaondoka navyo.

Binamu: Si nilisikia hakimiliki yake imeisha?

Kitinda: Iliyoisha, Januari 2024 huko Marekani, ni ya ile sura yake ya mwanzo kabisa ya 1928. Alama ya biashara bado ni ya Disney. Sina ubavu wa kubishana na mawakili wao kwa ajili ya kikombe.

Mama: Mimi nimempigia picha nyingine nzuri zaidi, angalieni
[Picha]

Binamu: Mama Mkubwa… hicho ni kikombe au ni kitambaa cha meza?

Mama: Maua hayo yanapendeza!

Binamu: Yanapendeza, ndiyo shida. Jicho linakwenda kwenye maua. Na taa ya simu imeacha doa jeupe tumboni mwa kikombe. Kiweke karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, upande wa pili simamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga. Picha moja mtu awe amekishika, mteja aone ukubwa. Nyingine ionyeshe kitako. Wanaojua vyombo vya udongo huanza kukigeuza.

Kitinda: Ukubwa ni kitu muhimu. Vipimo lazima vitoke kwenye kikombe kilichochomwa. Udongo husinyaa zaidi ya sehemu moja kwa kumi ukitoka mbichi mpaka kutoka tanurini. Ukiandika vipimo vya gurudumuni, mteja anapokea mtoto wa kikombe alichoagiza.

Mama: Haya, kitambaa natoa.

JUMATATU

Kitinda: JAMANI. Nimepata oda kubwa!! Someni wenyewe 👇

Kitinda: «Habari. Nimegundua mke wangu anaangalia kazi zako kila mara na amezipenda mno. Ninataka kumshtukiza siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Nitachukua mabakuli yako yote makubwa, bei si tatizo. Tunahamia nchi nyingine, hivyo msafirishaji wangu atakuja kuyachukua kwako. Nitalipa kwa hundi.»

Mama: Alhamdulillahi! Nilijua tu!

Kaka Mkubwa: Mdogo wangu umetoka!

Mjomba: Bei si tatizo 🤔

Shangazi: Kitinda usijibu kitu bado. Hundi ni ya kiasi gani?

Kitinda: Ameandika sasa hivi. Itazidi bei kidogo kwa sababu msafirishaji hapokei hundi. Ile ziada nimtumie msafirishaji taslimu.

Shangazi: Nilijua. Huo ni wizi mwanangu, tena wa zamani.

Mama: Wifi, usimvunje moyo mtoto.

Shangazi: [Ujumbe wa sauti 1:52]

Mama: Nipo kwenye gari siwezi kusikiliza, andika.

Shangazi: Naandika basi. Nimekaa kaunta ya benki mpaka nikastaafu. Ukiweka hundi, benki inaweza kukuonyesha salio limepanda kabla hundi yenyewe haijalipwa na benki ilikotoka. Wewe unaona pesa, unafurahi, unamtumia «msafirishaji» ile ziada. Ziada hiyo ni pesa yako halisi. Baadaye hundi inarudi, ni ya bandia, benki inaondoa kiasi chote kwenye akaunti yako. Msafirishaji ndiye yeye mwenyewe au mwenzake. Mabakuli wala hawana haja nayo.

Binamu: Nimetafuta. Barua hiyo hiyo wanatumiwa wachoraji, wachongaji, wapiga picha. Mke ni yule yule, kuhama ni kule kule.

Shangazi: Tazama alichokosa kusema. Hakutaja bakuli hata moja kwa jina wala rangi.

Kitinda: Nimesoma tena. Kweli. Anasema «kazi zako» tu.

Mjomba: Mtu asiyeuliza bei si mnunuzi. Mimi niliuliza.

Shangazi: Hapo shemeji umesema kweli.

Kitinda: Nimjibuje?

Shangazi: Mwambie alipie dukani kwako kama wateja wengine, na mzigo unautuma wewe. Kama ni mnunuzi atalipa.

Kitinda: Nimetuma.

(saa mbili baadaye)

Kitinda: Kimya.

ALHAMISI

Kitinda: Oda. Ya kweli. Kikombe kimoja, kimelipiwa kabisa, na ameuliza kama mkono unaingia vidole vitatu.

Shangazi: Huyo ndiye mteja!

Mama: Nini tena vidole?

Kitinda: Anataka kujua atakishikaje. Nimempigia picha nikikishika. Sasa swali ni kukifunga, kinavuka mpaka.

Kaka Mkubwa: Gazeti na gundi ya karatasi, kazi imekwisha.

Binamu: Usijaribu. Jaza kwanza tumbo la kikombe, zungushia mkono peke yake, ndipo ufunge chote. Sanduku dogo ndani ya kubwa, katikati uache kama sentimita 5 kila upande za kujaza karatasi. Litikise. Likisema kitu, fungua uanze upya.

Kitinda: Nitajaribu na kile chenye ufa kwanza, nikiangushe kutoka kiunoni.

Shangazi: Na fomu ya forodha andika bei halisi. Usiandike «zawadi» hata mteja akikuomba. Kikivunjika njiani utadai fidia ya zawadi?

Mjomba: Kitinda.

Kitinda: Naam Mjomba.

Mjomba: Mbona gharama ya kutuma inakaribia bei ya kikombe?

Kitinda: Mjomba umerudi dukani??

Mjomba: Naangalia tu.

Kitinda: Ni uzito na sanduku. Ukichukua viwili vinakaa sanduku moja, haiongezeki sana.

Mjomba: Viwili vya nini, naishi peke yangu.

Mjomba: Hivi viwili vya kijani vina tofauti gani?

Kitinda: Kimoja kina doa la kahawia chini ya mkono, rangi ilikuwa nyembamba pale. Iko picha ya nne, nimeieleza.

Mjomba: Hicho chenye doa kipunguze bei.

Shangazi: Shemeji!

Mjomba: Nimeshalipa, vyote viwili. Nauliza tu.