Naomba ushauri: sayansi ya kompyuta Washington, Illinois au Wisconsin kwa mkazi wa Minnesota

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari Minnesota na anautazama Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Shule ya Paul G. Allen, ndiyo idara ya sayansi ya kompyuta ya chuo hicho, huchukua watoto moja kwa moja toka sekondari, na lazima sayansi ya kompyuta iwe chaguo la kwanza kwenye fomu. Ukiiweka la pili haiangaliwi. Anayekubaliwa na chuo akakosa idara asitegemee kuhamia baadaye, nafasi ni finyu mno. Barua za walimu hawazitaki, hivyo uzito wote uko kwenye alama, ugumu wa masomo (hesabu hasa) na insha. Mwisho wa kutuma kwa kawaida ni 15 Novemba.

Kinachoniumiza kichwa ni ada. Husky Promise, mpango wa chuo wa kusaidia ada, ni ya wakazi wa Washington tu. Na yale maneno ya "kaa mwaka mmoja utakuwa mkazi" yanapotosha: anayesoma zaidi ya krediti 6 kwa muhula huhesabiwa amefuata masomo, si mkazi, hata awe na leseni ya udereva ya huko.

Sasa, Illinois Urbana-Champaign aombe sayansi ya kompyuta yenyewe, au ile iliyounganishwa na isimu? Lugha anazipenda kweli, si ujanja wa kuingilia. Insha ya chaguo la pili husomwa kwa uzito gani?

Na Wisconsin–Madison, ambako makubaliano ya majimbo hupunguza ada kwa wakazi wa Minnesota, mngeiweka ya akiba au ya kwanza?