Mafundi wa kuhamisha DVD hapa Mwanza, hizo sauti mnazozitupa ni za watu!

Wakuu, habari za jioni. Nimesubiri siku nne nipoe ndipo niandike, lakini sijapoa, kwa hiyo naandika hivyohivyo.

Mwezi uliopita nilipeleka diski 34 kwa fundi mmoja katikati ya mji, anihamishie kwenye eksteno yangu (diski ya nje ya kuhifadhia) ya TB 1. Bei ilikuwa shilingi 2,000 kwa diski, jumla 68,000, nikalipa zote siku hiyohiyo. Sababu ya kuhamisha mnaijua wote mnaoishi karibu na ziwa. Unyevu hauna huruma, diski inaota ukungu hata ikiwa ndani ya kasha, na hizi za kuchoma wenyewe ndiyo kabisa, miaka kumi mashine inaanza kukwama. Nyingine zilikuwa sinema nilizonunua kwa jasho langu tangu 2006. Nilitaka kuziokoa kabla hazijafa.

Kati ya hizo 34, moja ndiyo inayonikosesha usingizi.

Mwaka 2009 kikundi chetu kilitengeneza filamu ya dakika 35 kuhusu wavuvi wa dagaa wa Ukerewe. Msimulizi ni mzee mmoja wa Murutunguru. Amekaa ukingoni mwa mtumbwi anaeleza walivyokuwa wakisubiri usiku usio na mwezi ndipo watoke na karabai. Anaongea Kikerewe mwanzo mpaka mwisho. Kwenye DVD tuliweka traki mbili za sauti. Ya kwanza ni ya Kiswahili, binti wa kikundi anasoma tafsiri. Ya pili ni ya mzee mwenyewe, na mawimbi yanayopiga nyuma yake, na kafi alilokuwa nalo mkononi. Kila akimaliza jambo analigonga mara mbili kwenye ubao wa mtumbwi, ko-ko, halafu anaendelea.

Mzee alifariki 2014. Kompyuta tuliyohariria ilishaungua 2012 umeme uliporudi kwa kishindo. Kwa hiyo kwangu sauti yake ilibaki kwenye diski ile.

Faili niliyokabidhiwa ina traki moja tu, ya Kiswahili. Mzee anafumbua mdomo, anayesikika ni binti. Kafi linashuka kwenye ubao na hulisikii.

Nikarudi dukani. Kijana akanijibu, "Mama, mbona sauti ipo? Imetoka safi kabisa." Nikamwambia zilikuwa mbili. Akasema yeye anaweka diski na kubonyeza, "kompyuta yenyewe ndiyo inachagua." Nikamwomba anionyeshe anachobonyeza. Akafungua ile skrini nyeusi. Skripti ya mistari sita, yaani maagizo ya kuiendesha ffmpeg, programu ya kugeuza video na sauti, kapewa na mwenzake kwenye fleshi, hakuna hata mstari mmoja anaoweza kukuambia unafanya nini. Na kwa hiyo skripti amekula hela za watu wangapi mji huu?

Ni kweli kompyuta inachagua, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Usipoiambia ffmpeg inachotakiwa kubeba, inabeba traki moja tu ya sauti. Inaangalia yenye chaneli nyingi kuliko nyingine (chaneli ni njia za sauti, kama kushoto na kulia), na zikilingana inachukua iliyotangulia. Zetu zote mbili zilikuwa stereo, ya Kiswahili ikiwa mbele. Ikapita hiyo, mzee akaachwa. Dawa yake ni kuandika -map 0:v -map 0:a, yaani beba picha na sauti zote zilizomo. Ukiongeza -c:a copy, zinabebwa kama zilivyo bila kuguswa, na kompyuta inafanya kazi haraka zaidi kwa sababu haigeuzi sauti yoyote. Herufi zinazohesabika kwa vidole!

Na msiniambie mngejuaje ipi ni lugha gani. Ndiyo, ukifungua faili ya VOB, ile ya DVD yenye picha na sauti, peke yake huoni jina la lugha, kwa sababu majina hayo yanakaa kwenye faili za IFO pembeni. Tena traki ikichelewa kuanza, ffmpeg inaweza isiione kabisa mpaka uiongezee -probesize na -analyzeduration, isome mbali zaidi kabla ya kuamua. Hayo yote yanajulikana. Ndiyo maana binadamu anavaa spika za masikioni na kusikiliza dakika moja ya kila traki kabla ya kugusa kitu. Nimelipa hela kwa ajili ya hiyo dakika moja.

Nafasi aliyookoa ni kiasi gani? Sauti ya mzee ilikuwa AC-3, aina ya sauti inayotumika kwenye DVD, ya kilobiti 192 kwa sekunde. Dakika 35 ni kama MB 50. Picha kumi na kitu za simu! Eksteno yangu ina GB 1,000 na kazi yake yote ya diski 34 imejaza GB 40. Nafasi yote iliyobaki iko tupu, na mzee wa watu kakosa MB 50 za kukaa.

Nikaanza kufungua faili nyingine moja moja, hapa nyumbani Nyegezi, mpaka saa nane usiku. Sinema ya kwanza niliyofungua ni ile ambayo marehemu mama aliipenda, kuna mahali mume anarudi nyumbani usiku wa mvua. Mvua nasikia. Mlango unafungwa, nausikia. Mume anafungua mdomo: kimya. Mke anamjibu: kimya. Muziki unapanda, unashuka, watu wanalia bila neno hata moja. Nikadhani sabufa imeharibika, nikabadilisha waya, nikajaribu kwenye simu. Vilevile.

Skripti yake ilikuwa inachukua chaneli mbili za mbele, kushoto na kulia, basi. Sauti ya DVD ya chaneli sita, maneno ya waigizaji karibu yote yanakaa chaneli ya katikati. Kushoto na kulia kuna muziki na vishindo. Huyu kijana kachukua muziki na mvua, akatupa maneno. Ukitaka kushusha sita kuwa mbili, andika -ac 2 na ffmpeg yenyewe itachanganya katikati ndani ya kushoto na kulia. Inatupa ile chaneli ya besi tu, na sauti inaweza kushuka kidogo ukaipandisha. Lakini maneno yatakuwepo. Skripti yake haikuwa na hilo.

Halafu kilichobaki kakibana kuwa MP3 ya kilobiti 64. Muziki wa vinanda unasikika kama uko ndani ya pipa la maji, na herufi "s" zote zinachakaza masikio. Sinema ya saa mbili kwenye DVD yenye AC-3 ya kilobiti 448 ina sauti ya kama MB 403. Kwa 64 inakuwa MB 58. Kaokoa MB 345 kwenye diski ambayo inaweza kufika GB 8.5. Mzigo wa DVD ni picha, jamani! Kama mnataka kubana, baneni picha kwa akili, sauti iacheni.

Najua kuna sababu za haki za kugeuza. Runinga nyingi hazisomi DTS, aina nyingine ya sauti ya DVD, mteja anarudi analalamika hakuna sauti, nawaelewa. Hapo unatengeneza traki ya stereo ya AAC, aina ya sauti ambayo runinga nyingi zinaisoma, na kuiweka kando ya ile ya asili, ndani ya faili moja ya MKV, inayoweza kubeba traki nyingi. Mteja anachagua kwa rimoti. Hakuna aliyewaambia mfute ya asili.

Diski 34, faili 31. Hizo tatu zimekanyagwa. Mle kwenye skripti kuna -y, maana yake ukikuta faili yenye jina hilo andika juu yake bila kuuliza, na DVD nyingi ndani zina faili yenye jina lilelile, VTS_01_1. Hapo nilikuwa nimeshachoka hata kugomba.

Kijana alipoona nimekasirika akaja na suluhisho: "Mama, nitakurudishia kwa kilobiti 320, utaona inavyong'aa." Achukue faili yake ya 64 aipandishe iwe 320! Sikilizeni, ninyi mnaowadanganya wateja hivyo: kilichokatwa na MP3 kimeondoka. Ukiigeuza tena unaongeza ukubwa wa faili na unaikata mara ya pili. Huwezi kumwaga ndoo ya maji mchangani kisha uninunulie ndoo kubwa zaidi.

Nikamwambia basi, nipe diski zangu niifanye mwenyewe. Akanyamaza. Akaangalia mwenzake. Mwenzake akasema, "Si zimeshahamishwa, mama? Tulizitoa na taka wiki iliyopita."

Nilikaa kwenye lile benchi lao sijui muda gani. Hawakuuliza. Hawakupiga simu, namba yangu ipo kwenye risiti. Walitafuta chini ya meza, zikapatikana tisa kwenye boksi la mikrofoni. Ya mzee haimo. Hela wamesema watarudisha, mpaka leo sijaziona, na kusema kweli hela siyo kinachoniliza.

Mafundi mliomo humu, naomba kila mmoja leo afungue skripti yake na asome kilichoandikwa. Usipoelewa mstari, usiupitishe kwenye diski ya mtu. Na diski ya mtu irudi mkononi kwa mtu, iwe inacheza, iwe haichezi.

Ombi langu kwa wengine wote. Mwaka 2010 tulichoma nakala kama 50 za filamu ile tukazigawa Nansio, Murutunguru, na chache zilivuka hadi Ukara. Kasha ni jeupe, juu tumeandika kwa kalamu ya bluu "Dagaa na Karabai". Kama uko huko, au una ndugu huko, angalia kwenye kabati la runinga, angalia hata kwenye vile vitu vya watoto. Ikiwa na mikwaruzo, sawa. Ikiwa imeota ukungu, sawa, usiifute kwa kitambaa kikavu. Usimpe fundi akuhamishie. Niandikie inboksi, nitapanda meli niifuate mwenyewe.