Mjadala: hii "1x3" kwenye bahasha ya dawa ibaki au ifutwe?

Wakuu, hivi mpaka lini mgonjwa anatoka dirishani na bahasha imeandikwa 1x3 basi, jina la dawa hakuna, siku ngapi hakuna, kabla au baada ya kula hakuna? Msimamo wangu iwe lazima kuandika kwa maneno, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, siku 5, na jina la dawa juu.

Juzi mama mmoja jirani kanionyesha bahasha zake mbili, zote 2x3, vidonge vyeupe vya duara, moja anajua ni panadol, nyingine kaambiwa "ya mafua" tu. Nikamwambia arudi dukani akaulize, kumbe ya mafua nayo ina paracetamol miligramu 500 humo humo, dawa ile ile ya panadol! Piga hesabu, vidonge 12 kwa siku ni gramu 6, na mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa masaa 24, zaidi ya hapo unachezea ini.

Najua watu wa famasi mtasema foleni, na kweli zahanati unakuta nesi mmoja ndo anapima, ndo anachoma sindano, ndo anatoa dawa, huyo ukimwambia aandike insha kwa kila mtu unamwonea. Sasa si achongewe mhuri wenye asubuhi, mchana, usiku, anagonga, anajaza namba, kwisha? Mbona dawa mseto ya malaria pakiti zake nyingi zina michoro, mtu mzima vinne vinne mara mbili kwa siku, siku 3, vidonge 24, hata asiyejua kusoma anafuata.

Kinachonitatiza ni wale wanaotaka na ugonjwa uandikwe, "ya presha", "ya sukari". Kwa bibi mwenye dawa nne naelewa kabisa, ila mtu wa ARV je? Kuna watu wanabandua lebo kwenye kopo, wanahamishia vidonge kwenye mfuko ili nyumbani wasijue, leo umwandikie ugonjwa kabisa si ataiacha hapo hapo. Kwangu ugonjwa uandikwe mwenyewe akitaka, na aulizwe taratibu, sio ile sauti ya kutangazia benchi zima. Ila jina la dawa lisiguswe, hilo libaki, maana ukivimba midomo usiku ukakimbizwa hospitali daktari anauliza umemeza nini, unamjibu "vile vyeupe"?

Manesi na wenye maduka ya dawa muhimu mje hapa mseme ukweli, mhuri mtaugonga au wiki ya pili mmesharudi kwenye 1x3?