Jerk chicken na wali wa maharage London: hema, trela au vani?

mizani_ya_jikoni
Wakuu, naomba mchango. Mpishi ni Mjamaika, ana ukaazi wa kudumu, mimi nashika hesabu na manunuzi. Eneo ni kusini-mashariki ya London. Menyu: kuku wa jerk (wa Kijamaika, anayekolezwa viungo na pilipili na kuchomwa kwa moshi), mchuzi wa mbuzi, wali wa maharage, kachumbari ya kabichi. Lengo ni sahani 80 za mchana ndani ya saa mbili na nusu. Bajeti £14,000, na humo lazima zibaki za kuendeshea miezi miwili.
Yako mezani mambo matatu: (a) hema la mita 3 kwa 3 na mapipa ya mkaa, (b) trela la mtumba la futi 10, (c) vani iliyokwisha kufungwa jiko. Lipi na kwa nini?

BintiTui
Kabla ya kulinganisha magurudumu, angalia moto. Jerk ni moshi. Pipa la mafuta la lita 200 likikatwa kwa urefu linakupa wavu wa takriban sm 85 kwa 55, yaani mapaja mazima 18, ukibana 20. Kwa moto wa pembeni, kifuniko kikiwa kimefungwa, ni dakika 50 mpaka saa nzima. Kwa hiyo pipa moja ndani ya saa mbili na nusu halivuki sahani 60. Unahitaji mapipa mawili, au kuku aive kabisa kwenye oveni ya jiko la kukodi, atunzwe juu ya nyuzi 63 za Selsiasi, kisha amalizwe kwenye mkaa dakika 6 hadi 8.
Kumpika nusu asubuhi na kummalizia saa sita, usithubutu. Katikati ya nyama panakaa vuguvugu kwa saa nyingi na bakteria wanafanya sherehe. Kipimajoto cha sindano, kwenye paja karibu na mfupa: 75 kwa sekunde 30, au 70 kwa dakika mbili.
Sasa jiulize mkaa huo utauwasha wapi ndani ya vani. Hapo (c) inaanza kuchechemea.

kijana_wa_Barking
Mimi bado naona vani. Mvua ya Novemba hapa haina adabu. Hema linapepea, wateja wanakimbia. Na vani yenye rangi nzuri ni tangazo tosha.

FundiMtungi
Kijana, mvua kweli, lakini mkaa ndani ya chumba cha bati ni monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu. Haina harufu, na mpishi anadhani amechoka tu. Wenye vani wanaouza "jerk" wengi wanachoma kwenye bamba la gesi. Ni kuku mtamu, ila siyo jerk. Vinginevyo pipa linakaa nje, na hapo umelipia vani halafu unapikia barabarani.
Upande wa gesi, kwa trela na vani sawasawa:
- Nunua propani, ile mitungi myekundu. Butani inagoma kugeuka mvuke baridi ikikaribia sifuri, propani inaendelea mpaka karibu −42.
- Regyuleta (kipunguza presha ya gesi) ya propani ni milibari 37, ya butani 28. Zikibadilishana, moto unakuwa wa njano na masizi yanajaa sufuria.
- Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Kabati la mtungi liwe na matundu chini, na sakafu ya trela iwe na tundu la kushushia. Wauzaji wa mtumba hupenda kuyaziba kwa zulia la plastiki. Inua zulia uangalie.
- Kila jiko liwe na kifaa kinachokata gesi moto ukizimika.
- Cheti ni cha fundi wa Gas Safe (rejista rasmi ya mafundi gesi Uingereza) mwenye sifa ya majiko ya biashara yanayohama. Fundi wa boila za nyumbani, hata awe rafiki, hatoshi. Muulize muuzaji cheti cha CP44, kile cha ukaguzi wa gesi kwa vani na trela za chakula. Akigugumia, punguza bei au ondoka.
Mtungi wa kilo 19 una takriban kWh 260. Jiko la wali, beseni la maji moto la kutunzia vyakula na kichemsha maji vikila wastani wa kW 8, ni saa 32 za kazi. Beba wa akiba hata hivyo.

Mama_Rehema
Watu mnasahau makaratasi.
Kujisajili halmashauri ni bure, siku 28 kabla ya kuuza, kwenye halmashauri ya mahali gari au vifaa vinapolala usiku. Hiyo si ruhusa ya kuuza mtaani. Leseni ya barabarani ni jambo jingine na kila halmashauri ina yake. Ndiyo maana wengi huanzia kwenye masoko yenye mwendeshaji au uwanja wa baa, kwa idhini ya mwenye eneo. Ukiuza chakula cha moto baada ya saa tano usiku, inahitajika leseni nyingine tena, mpaka saa kumi na moja alfajiri.
Foronya nyeupe za polistireni mlizozoea kuona zimejaa wali: marufuku England tangu Oktoba 2023, pamoja na vijiko vya plastiki.
Vizio (vyakula vinavyoleta mzio): jerk ikiwa na mchuzi wa soya, andika soya na ngano. Bizari ya kununua isome, mara nyingi ina haradali. Nazi haimo kwenye orodha ya vizio 14, lakini ukiulizwa jibu.
Na huyo mpishi, leseni yake ya udereva ni ya wapi? Ya Jamaika inaendesha hapa miezi 12 tu tangu aanze ukaazi, kisha mtihani. Sawa na ya Kenya au Tanzania.

mizani_ya_jikoni
Dada Rehema, nadhani ulitaka kuandika "vifungashio", umenichekesha. Leseni ya Uingereza anayo. Je, ULEZ, ile tozo ya magari yanayochafua hewa?

Mama_Rehema
Vifungashio, naam, simu hii! ULEZ ni London nzima tangu Agosti 2023: £12.50 kwa siku, dizeli isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 6. Vani za bei rahisi nyingi ndizo hizo. Siku tano kwa wiki ni £62.50. Trela lenyewe halitozwi, linatozwa gari linalolivuta.

mkwezi_wa_Tanga
Naongeza uzito. Kwa leseni ya gari dogo, vani mwisho wake ni kilo 3,500 pamoja na kila kitu. Jiko, friji, maji lita 100, mitungi miwili, jenereta, mkaa, kuku na watu wawili: zinajaa bila kuonekana. Ipelekeni kwenye mizani ya barabarani ikiwa imejazwa, kabla ya kulipa. Trela linaweza kuvutwa kwa leseni hiyo hiyo tangu Desemba 2021, ila gari lenu liwe na nguvu ya kuvuta uzito huo, kama ilivyoandikwa kwenye bamba lake la kiwandani. Na pangeni mzigo juu ya ekseli. Mkiweka vizito nyuma, trela litayumba mkiwa barabara kuu ya M25 na hamtapenda.
Faida kubwa ya trela: gari likiharibika, unaazima lingine. Vani ikifa gia, jiko nalo limekufa.

BintiTui
Kwa £14,000 mimi ningeanza na (a), nikusanye fedha za (b). Hema liwe la kitambaa kisichoshika moto, uzito wa kilo 20 au zaidi kila mguu, na mapipa yakae nje ya paa lake, upande upepo unakoelekea. Pipa lililopakwa zinki usilitumie. Lenye rangi, lichome moto mkali mpaka rangi iishe kabla ya kugusa nyama. Sinki la kunawia mikono ni la lazima hata hemani, na maji moto yake, mbali na la vyombo.
Wali upikwe hapo hapo. Kilo 5 za mchele wa punje ndefu, maharage mekundu makavu kilo 1.25, makopo 9 ya tui ya ml 400, maji yaliyochemshia maharage yajazie mpaka jumla lita 8.5. Sahani 60 na kitu. Maharage yalale majini usiku, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Mabichi yana sumu, na chungu cha umeme cha moto mdogo hakiiui. Thaimu, vitunguu vya majani, mbegu za pimento (kiungo cha allspice), na pilipili mbuzi nzima juu. Ni wali wa nazi wetu, ila tui linaingia na maharage kwanza. Pilipili ikipasuka, sufuria nzima imekwenda.
Mbuzi mwenye mfupa: gramu 300 mbichi kwa sahani, kilo 10 ni sahani 33.

kijana_wa_Barking
Haya, nimeshindwa kwenye moshi. Lakini kodi? Sahani £11.

mkwezi_wa_Tanga
Piga hesabu: tuseme mnauza £1,800 kwa wiki, kwa wiki 52 ni £93,600. Kizingiti cha VAT ni £90,000 katika miezi 12 yoyote mfululizo, na chakula cha moto kinatozwa asilimia 20. Pangeni bei kana kwamba mnalipa tayari, msije mkapandisha ghafla.

mizani_ya_jikoni
Basi hema, mapipa mawili, na jiko la kukodi siku tatu kwa wiki. FundiMtungi, nikipata trela Machi nitakutumia picha ya sakafu, bila zulia.