MREJESHO: Nilishafunga mfumo wa gesi kwenye Toyota IST ya abiria

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama inalipa kufunga mfumo wa gesi asilia kwenye IST ninayobebea abiria wa mtandaoni hapa Dar. Nimefunga, na inalipa.

Gari bado linawaka kwa petroli. Injini ikipata moto linahamia gesi lenyewe, unaona taa ndogo ya kijani kwenye swichi pembeni ya usukani. Kwa hiyo tanki la petroli lisikauke. Mlimani linachoka kidogo, hasa AC ikiwa inapiga.

Kinachokula hela ni foleni ya kujaza. Tena jua likiwa kali mashine ya kujazia inafika bar 200 (kipimo cha presha) lakini kilo zimeingia chache, maana gesi imetanuka kwa joto. Mtungi ukipoa, geji inashuka. Siku hizi najaza usiku wa manane.

Buti limeisha, mtungi umelijaza. Abiria wa airport wenye mabegi makubwa nawaachia wenzangu.

Mliosema gesi ikivuja italala chini ndani ya gari kama ya jikoni: hapana, hii ni nyepesi kuliko hewa, inapaa.

Aliyeniambia nidai cheti cha mtungi, kinachoonyesha umepimwa na ni salama, ubarikiwe. Fundi wa kwanza alianza kuzunguka maneno, nikahamia karakana nyingine.