Baridi ya kipupwe milimani Lushoto: tupeane uzoefu, nyumbani mnaishije?

MKE WA MLALO
Asalaam aleykum ndugu zangu, na wasio Waislamu habari za asubuhi. Leo nimeamka saa kumi na moja kumchemshia mwanangu maji ya kuoga. Alipotoka nikachukua chupa ya mafuta ya nazi nimpake, nikaigeuza juu chini, hakikutoka kitu. Yameganda kama jiwe. Ndipo nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza wa kuolewa huku.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilipokuja kwa mume, mama alinifungia chupa mbili za mafuta aliyoyapika kwa mkono wake. Julai ilipoingia nikayakuta meupe kama samli. Nililia, nikidhani yameharibika, na chupa moja nikaimwaga shimoni. Mavyaa wangu akanikuta uani na chupa tupu mkononi. Hakusema neno, wala hakunicheka. Aliichukua ile ya pili akaiegesha karibu na mafiga, tulipomaliza kupeta mahindi ilikuwa maji matupu. Tangu siku ile, kila kipupwe chupa ya mafuta inalala jikoni.

Na unga wa maandazi je? Kwetu unakanda, unafunika, ukimaliza kuosha vyombo umeshaumuka. Huku naukanda baada ya isha, naufunika kanga mbili, nauweka jirani na majivu ya moto, na alfajiri naukuta vilevile nilivyouacha. Maziwa nayo yananichukua siku tatu kuganda.

Basi nawauliza mlio Lushoto, Soni, Mtae, Bumbuli, Shume: Juni mpaka Agosti mnaishije majumbani? Nguo za watoto mnakausha vipi? Ukungu huku kwetu haujafunguka wiki nzima.

SHAMBA LA LUKOZI
Umenena dada. Na kuni zenyewe mbichi.

MTOTO WA SONI
Umenikumbusha mbali sana. Nilikuwa na sare moja tu. Mama alikuwa akiifua Jumatano usiku na Jumamosi. Ya Jumamosi ilikuwa na nafasi, ya Jumatano ndiyo iliyokuwa kazi. Aliitundika kwenye kamba juu ya jiko, akaigeuza kila akiamka kuchochea. Alfajiri kola na mifuko bado mibichi, basi anatia makaa kwenye pasi, anaipiga mpaka mvuke unajaa chumba. Nikivaa shati lilikuwa na joto la pasi mgongoni. Joto hilo lilinifikisha mpaka mtoni. Nikivuka tu, limekwisha.

Darasa zima tulikuwa tunanuka moshi. Mwaka mmoja akaja mwalimu mgeni kutoka pwani, akasema mbele ya wenzangu kwamba ninanuka kama samaki wa kubanika. Sikumwambia mama. Nilikuwa namwona usiku anavyoamka.

MKE WA MLALO
Hapo kwa mama umenitoa machozi.

KUSI LA TANGA
Watu wa milimani mnadhani baridi ni mali yenu. Njooni Sahare mwezi wa saba, kusi limeshika, uko kwenye ngalawa saa tisa ya usiku, umelowa maji ya chumvi kuanzia kichwani, meno yanagongana. Wiki nyingine hatutoki kabisa, na samaki wanaadimika mpaka mjini wanalalamika.

SHAMBA LA LUKOZI
Ndugu yangu wewe unalala na feni.

KUSI LA TANGA
Feni ni ya Januari. Sisemi kwa kubishana, nasema ninachokijua mwilini mwangu.

MZEE WA MAKETE
Samahanini, mimi nimefanya kazi Lushoto miaka sita na kwetu ni Makete. Lushoto ni ubaridi tu jamani. Kwetu sakitu ikianguka usiku, asubuhi nyasi nyeupe na bustani imeungua.

BINTI WA MTAE
Mzee, uzi unasema Lushoto. Wa Makete fungua wako, tutakuja kukusikiliza kwa heshima zote.

MWALIMU MSTAAFU
Wanangu msigombane. Ukipanda mita 1,000 kwenda juu, joto linapungua digrii kama 6 hivi. Mombo iko mita 400 na kitu kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini kama 1,400, na Shume juu zaidi. Ndiyo maana barabara ile ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33, inakuanza na shati na kukumaliza na koti, na pale Soni ndipo abiria wanapoanza kufunga madirisha ya basi.

Lakini kinachotuumiza sisi ni unyevu. Kusi linatoka baharini limebeba maji, likigota kwenye Usambara linapanda, linapoa, linageuka mawingu na manyunyu. Kwa hiyo kijana wa Sahare, upepo unaokutesa wewe kwenye ngalawa ndio huohuo unaonizuia mimi kuanika mahindi. Baridi moja hiyo, wewe umeipata mwanzo na mimi mwisho.

KUSI LA TANGA
Shikamoo mwalimu. Hilo sikulijua.

SHAMBA LA LUKOZI
Mwalimu ukungu huo ndio ulionimalizia viazi. Jumatatu nimeviacha kijani, Alhamisi majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Kukiwa na ubaridi na majani yakikaa mabichi, ugonjwa unakimbia shamba zima. Wenzangu mliopanda, pigeni dawa kabla hamjaona doa. Ukiliona umechelewa.

BABA WA WATATU
Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo nimeona nikinyamaza nitakuwa nimefanya vibaya.

Mwaka 2016, mwezi wa Julai, mke wangu alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue mtoto wetu wa pili. Tulikuwa tumehamia nyumba mpya ya matofali na bati, nimeijenga mwenyewe, chini sakafu ya saruji. Upepo ulikuwa unapenya kati ya ukuta na bati, basi nikaziba kila tundu kwa matambara na mifuko ya saruji. Nilijisifu kwa kazi ile. Kila mtu alikuwa anatuambia mzazi asipigwe na baridi, mtoto asipigwe na baridi.

Siku ile manyunyu yalianza saa kumi jioni. Niliwasha jiko la mkaa nje, nikalisubiri mpaka mkaa umekolea wote mwekundu, hauna moshi hata kidogo, ndipo nikaliingiza chumbani. Nilijua moshi ni mbaya. Niliona usipokuwepo moshi ni salama. Tukalala wanne: mimi, mke wangu, mtoto wa miaka minne na kichanga. Nikafunga mlango kwa komeo.

Niliamka sijui saa ngapi, kichwa kinapasuka. Nikasema malaria hii. Nikataka kunyanyuka, miguu haikunisikia. Nikamwita mke wangu, kimya. Nikamtikisa, mkono wake ukaanguka. Nilikuwa najua kuna jambo, lakini akili ilikuwa nzito kama mtu aliye ndani ya maji, na nilitamani kulala tu. Nawaambieni ukweli, nilitamani kulala.

Aliyetuokoa ni mama yangu. Alikuwa chumba cha pili. Kichanga kilikuwa na kawaida ya kulia saa saba usiku, kila siku, huwezi kukosea. Siku ile hakikulia. Mama aliamshwa na ule ukimya. Akaja akagonga, akaita jina langu, akaanza kupiga mlango kwa mchi. Nikatambaa. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua nne, mimi niliziona kama safari ya kwenda Mombo. Nikalishika komeo, nikalivuta, nikaanguka hapohapo kizingitini.

Mama alituburuta nje mmoja mmoja, mwanamke wa miaka sitini na ushei, mpaka uani kwenye manyunyu. Baridi ileile tuliyokuwa tunaikimbia. Mkubwa akatapika. Kichanga kilikuwa kimelegea kama kitambaa, mama akakiweka kifuani akakipepea, na hewa ya baridi ilipokigusa usoni kikalia. Sijasikia sauti nzuri kama ile maishani mwangu.

Mke wangu hakuzinduka. Majirani wanne walimbeba kwa machela ya miti na blanketi, ukungu mzito mno bodaboda hazikuthubutu. Tulifika kituo cha afya kunapambazuka, akawekewa oksijeni. Alifumbua macho karibu na adhuhuri. Miezi miwili baadaye alikuwa bado anaumwa kichwa na kusahau vitu, anaanza kupika anasahau alichobandika.

Mtoto yule leo yuko shule. Mama yangu alifariki mwaka juzi kwa maradhi mengine. Kila kipupwe kikiingia namwona na ule mchi.

BINTI WA MTAE
Subhanallah. Nimesoma nimesimama.

MTOTO WA SONI
Pole sana kaka. Mungu amrehemu mama.

NESI WA ZAMANI
Baba wa Watatu, ahsante kwa kuandika. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na wagonjwa wa namna hii nimewapokea kila msimu wa baridi. Hewa hiyo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Inaishika damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200, ndiyo maana mtu anaishiwa nguvu huku bado anapumua. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na mkiumwa wote nyumba moja kwa wakati mmoja, hiyo si malaria. Tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Na mkaa uliokolea bila moshi ndio unaodanganya watu.

FUNDI BATI
Dawa ni kuacha dirisha wazi kidogo.

KUKU WA BUMBULI
Sisi tunaweka beseni la maji pembeni ya jiko, maji yanaimeza ile hewa. Tumefanya miaka yote.

NESI WA ZAMANI
Mdogo wangu wa Bumbuli, nakusihi sana, maji hayaimezi hewa hiyo. Fundi, na hilo dirisha saa nane usiku mtoto akisikia baridi ataamka kulifunga. Jiko lote litoke nje kabla ya kulala.

MZEE WA MAKETE
Lakini sisi tumezaliwa kwenye nyumba zenye moto katikati, na mifugo humohumo. Mbona tuko hai?

MWALIMU MSTAAFU
Msonge wa bibi yangu pale juu ya Mlalo ulikuwa hivyo. Mafiga katikati, juu yake dari la mahindi, moshi unapanda unafukuza wadudu kwenye mahindi na kutoka kwenye nyasi. Paa lote lilikuwa linapumua. Leo tunaezeka bati, tunapiga dari, tunaziba, halafu tunaingiza moto uleule.

NESI WA ZAMANI
Na bibi zetu walikufa na kikohozi, macho mekundu maisha yao yote. Tusiusifie sana moshi ule mwalimu.

MWALIMU MSTAAFU
Kweli. Bibi alipofuka.

KIJANA WA MAGAMBA
Jamani dawa ya baridi ni moja tu, oeni.

BINTI WA MTAE
Mwenzetu kaeleza jinsi alivyokaribia kuzika nyumba nzima, wewe unaleta utani? Na alikuwa ameoa.

KIJANA WA MAGAMBA
Nisameheni. Nilijibu swali la mwanzo, sikuwa nimesoma huko juu. Kaka pole sana.

KUKU WA BUMBULI
Nesi nimekusikia, na sasa napata hofu. Juzi nimepoteza vifaranga arobaini usiku mmoja. Nilidhani baridi, kwa sababu nilivikuta vimerundikana kona moja. Lakini banda nilikuwa nimelifunika turubai pande zote na jiko la mkaa ndani.

SHAMBA LA LUKOZI
Vikirundikana ni baridi, vya chini vinakosa pumzi. Tengeneza kinengunengu, uzio wa kulelea vifaranga, kiwe cha duara, kisiwe na kona. Wiki ya kwanza vinataka digrii 32 mpaka 35. Ila turubai liache wazi juu. Kifaranga naye ana pumzi.

NESI WA ZAMANI
Na kwa binadamu: chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri, imeviringishwa kitenge ili isiunguze, iwekwe miguuni pa mkubwa kabla hajalala. Kichanga asiwekewe. Kichanga avishwe mzula na soksi, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, blanketi juu ya mgongo wake. Hakuna jiko linalomshinda mama.

FUNDI BATI
Ukizibua chini ya bati baridi inaingia, ukiziba mnasema hewa. Tujenge vipi?

MWALIMU MSTAAFU
Acha matundu juu karibu na paa, ziba ya chini, na jiko lijenge chumba chake nje. Njoo kwangu nikuonyeshe.

MKE WA MLALO
Nimerudi. Sikuandika kwa sababu nilikuwa natetemeka. Jiko nilikuwa nimeshaliingiza chumba cha watoto tangu magharibi, mkaa umekolea, dirisha nimeziba kwa kanga. Niko jikoni nakanda unga, nasoma simu, nimefika pale pa mchi nikaacha kila kitu nikakimbia. Jiko liko uani sasa, linanyeshewa. Nimefungua dirisha na mlango mpaka chumba kimekuwa barafu. Wote watatu wameamka wananung'unika, mdogo ananiuliza kwa nini nalia.

Mavyaa ameuliza kuna nini, nikamsomea yote. Amesema watoto waje kitandani kwake, wawili upande wa ukutani na mdogo katikati. Mimi nitalala chini na blanketi.

BABA WA WATATU
Ahsante Mungu. Dada, na mlango usiutie komeo.